Vyuma Viwili vya Kuanzia

Bungoma
Jumatatu, 2 Septemba 2024

Kwa Khocha Wabwile, ndugu ya mama,

Najua hukutarajia barua kutoka kwangu. Tangu siku ya mahari yangu, miaka kumi sasa, hatujasemezana, na hata siku ile uliweka sahihi, ukala, ukaondoka bila kunitazama. Nilitaka kukutumia meseji. Jirani yako wa Tuwan akaniambia meseji huzisomi, unataka karatasi. Basi karatasi ndiyo hii.

Levi wangu alifariki mwezi wa saba. Matanga hayajaisha, Wekoye, kaka yake, akatoa nguo zangu nje na kufunga nyumba kwa kufuli kubwa ya shaba. Sasa nalala jikoni, mimi na kuni na kuku. Anasema sikuwa mke, nilikuwa nakaa tu. Anasema mahari haikuwahi kuzungumzwa, mtoto sikuzaa, kwa hivyo nirudi kwetu. Chifu ataandika barua ya warithi Ijumaa tarehe 27. Nikimpelekea karatasi ya mahari, jina langu litaingia. Nisipompelekea, nyumba na shamba ni vya Wekoye. Na ameshanionya kwamba nikikata kufuli ile, atanishtaki kwa wizi.

Karatasi iko ndani, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nakala ya upande wetu sijui mama aliiweka wapi kabla ya kufa. Baba alikuwepo siku ile, lakini kiharusi kilimchukua ulimi mwaka jana, hata jina langu halitamki.

Nataka kujifunza kufungua kufuli bila kuivunja. Nimeona kwa intaneti seti ya vyuma ishirini na vinne, vimepangwa ndani ya kifuko cha ngozi, pamoja na kufuli ya plastiki ambayo unaona mpaka ndani. Kuna nyingine ya vyuma kumi na kimoja, rahisi kidogo. Sijui kazi ya chuma hata kimoja. Wewe ndiye fundi wa kufuli pekee ninayemjua. Mtu anayeanza achague ipi?

Mpwa wako,
Jentrix

*

Tuwan, Kitale
Alhamisi, 5 Septemba 2024

Jentrix,

Barua yako niliisoma mbele ya wateja nikacheka mpaka mmoja akaandika kwenye ubao wangu akiuliza kuna nini. Vyuma ishirini na vinne! Unataka kufungua kufuli au unafungua hoteli, unatafuta vijiko?

Sikiliza, wewe uliye na masikio. Mtu anayeanza anahitaji vyuma viwili. Kimoja ni cha kukaza. Unakiingiza chini ya tundu la ufunguo na kukisukuma kidogo tu, kana kwamba unazungusha ufunguo. Cha pili ni ndoano fupi. Hiyo inapita juu, inasukuma pini, vile vijiti vidogo vilivyo ndani ya kufuli, moja baada ya nyingine mpaka kila moja ikae mahali pake. Kazi yote ni hiyo. Vile vingine ishirini na viwili ni vya kupigwa picha. Anayekuuzia anajua wewe ni mgeni, na mgeni huhesabu vyuma badala ya kuvishika. Kama ni lazima ununue, angalia chuma chembamba kisichopinda ukikibonyeza mezani. Kinene hakiingii, na laini kitakufia ndani.

Ile kufuli ya plastiki iache. Inakufundisha kutumia macho. Kwenye mlango wa Wekoye macho hayatakusaidia chochote, ni vidole.

Nitakufundisha. Usinishukuru, sababu zangu ni zangu. Lakini kila ukiniandikia habari za kufuli, utaniandikia na jambo lingine. Mwaka 2004, Kachibora, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Ulisimama mbele ya hakimu ukasema uliniona, mimi ndugu ya mama yako, nikifungua duka la mbolea la Mathenge ili niibe. Nilifungwa miaka minne. Masikio hayakungoja hata hukumu. Yaliisha kwa makofi ya wale walionihoji.

Andika ulichokiona siku ile. Kwa mkono wako. Ndiyo sababu meseji sizitaki.

Wabwile, fundi

*

Bungoma
Jumatatu, 9 Septemba 2024

Khocha,

Usinitukane sana. Barua yako ilifika nikiwa nimeshaagiza ile seti ya ishirini na vinne. Niliona haya kuirudisha. Kufuli ya plastiki niliifungua siku ya kwanza kwa dakika mbili, nikajiona fundi, nikawacheka wote wanaosema ni kazi ngumu. Halafu nikajaribu kufuli ndogo ya banda la kuku. Chuma cha kwanza kilipinda. Cha tatu kilikatika na kubaki ndani. Kuku walishinda wamefungiwa, na Phelista, mke wa Wekoye, akaniuliza kwa sauti ya kusikika barabarani kama mume akifa na akili inazikwa naye.

Jana alimwagia maji moto wangu nikiwa nimeinjika uji. Ati moshi wangu unaingia kwake. Nilikunywa ule uji ukiwa mbichi na jivu juu yake. Nakuandikia haya ujue sina wiki za kuchezea.

Ya Kachibora ni ya zamani. Nilikuwa mtoto. Nilisema niliyoyasema.

Niambie nifanye nini na vyuma hivi.

Jentrix

*

Tuwan, Kitale
Jumatano, 11 Septemba 2024

Jentrix,

Vyuma hivyo wape kuku.

Nimekutumia vya kwangu kwa mtu wa vifurushi, ndani ya soksi. Kile kilichopinda ncha ni cha kukaza, nimekitoa kwenye waipa ya kioo cha lori. Kuna utepe wa chuma ndani ya raba yake, hakuna dukani chuma kizuri kama hicho kwa kazi hii. Ndoano nimeichonga kutoka kwa msumeno wa chuma. Nilikaa na tupa siku mbili, naichovya kwenye maji kila mara, kwa sababu chuma kikipata moto kinakuwa laini na hakina faida tena. Usifikiri ni mapenzi. Sitaki tu kazi ya mwanafunzi wangu inifanye nichekwe mbele za watu.

Kuna kufuli pia. Nimeitoa pini, nikaacha mbili tu. Nyingine ziko kwenye karatasi iliyosokotwa. Ukiifungua mara ishirini bila kukosea, ongeza ya tatu. Usiruke. Kaza kwa wepesi, kama unavyoshika kifaranga ambaye hutaki kumuua wala hutaki atoroke. Kisha pitisha ndoano. Pini nyingi zitacheza tu, juu chini. Moja itagoma. Hiyo ndiyo ya kuanza nayo. Isukume taratibu mpaka usikie mlio kwenye kidole. Mimi huo ndio mlio pekee ninaousikia duniani, kwa hivyo usiuchezee.

"Nilisema niliyoyasema." Hilo si jibu. Hakimu hakuridhika na maneno kama hayo, aliuliza nguo nilizovaa, na ukamtajia rangi ya shati. Kumbuka vizuri hivyo hivyo tena.

Wabwile

*

Bungoma
Jumatatu, 16 Septemba 2024

Khocha,

Nimefika pini nne!

Sikujua kama kitu kidogo hivi kinaweza kumfurahisha mtu anayelala na kuku. Nakaa nyuma ya jiko, kufuli mapajani, kitambaa juu, Phelista akipita anadhani nachambua maharagwe. Ile pini inayogoma nimeielewa. Mwanzo nilikuwa nakaza sana, zote zinagoma pamoja, nashindwa kujua ni ipi. Nilipolegeza mkono, ikajitambulisha yenyewe. Vyuma vyako viwili vinatosha. Ile seti ya kifuko cha ngozi nimeificha chini ya kuni kwa aibu.

Wekoye ameanza kupima shamba kwa hatua. Jumamosi alikuja na mnunuzi, wakasimama juu ya kaburi la Levi wakizungumza habari za uzio. Nilikuwa karibu, nikasikia kila neno. Nilimchukia mpaka siku hiyo sikuweza kufungua hata pini mbili.

Unataka ya Kachibora. Nakumbuka mama alinivisha sare ya shule siku ambayo haikuwa ya shule, na viatu vya kuazima. Aliniambia nisitazame upande wako. Zaidi ya hapo sina cha kuandika. Tafadhali, nipe pini ya tano.

Jentrix

*

Tuwan, Kitale
Jumatano, 18 Septemba 2024

Jentrix,

Umetaja mama. Pini imegoma. Sasa najua pa kusukuma.

Dada yangu alinipikia ugali usiku wa kuamkia siku ile ya hakimu. Nilikuwa nje kwa dhamana. Alinipikia, akanitazama nikila, na asubuhi akakuvisha sare. Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka ishirini. Mwanamke hamtoi ndugu yake bure. Alikuwa na mtu mwingine wa kumwokoa, na nyumbani kwenu mwanamume alikuwa mmoja tu. Wiki ile baba yako alikuwa amekuja kwenye kibanda changu mara tatu, anauliza kufuli za Mathenge ni za aina gani, nikamwonyesha, mjinga mimi, nikidhani anataka kununua.

Lakini hayo ni mawazo yangu, na mawazo yangu hayana sahihi. Baba yako leo ni mzee wa kanisa kule karibu na Lugulu, anasukumwa kwenye kiti na waumini wanamwombea. Mimi nikipita sokoni Kachibora mpaka leo watu wanashika mifuko yao. Nilioa? Hapana. Nani angempa mwizi kiziwi binti? Wewe uliolewa kwa ng'ombe, na ukaniita nije kuweka sahihi kwa sababu mila inataka khocha. Nilikuja. Nilitaka kuona kama utaniangalia usoni.

Kufuli ya pini tano ndiyo hii. Ni pacha wa ile inayofunga sanduku langu, nilizinunua siku moja. Haijawahi kufunguliwa na mwanafunzi yeyote, na vijana hodari wamepita hapa. Ukiiweza hii, ya Wekoye haitakusumbua.

Barua yako ijayo isikose jina.

Wabwile

*

Bungoma
Jumapili, 22 Septemba 2024

Khocha,

Nimeingia.

Leo asubuhi wote walikwenda kanisani. Nilisema naumwa tumbo. Pacha wako nilikuwa nimemfungua Ijumaa, na jana mara kumi na moja, kwa hivyo niliutazama ule mlango kama mtu anayerudi kwake. Ya Wekoye ilifunguka kabla wimbo wa kwanza haujaisha, kanisa liko karibu, nilikuwa nawasikia. Hakuna mkwaruzo hata mmoja.

Nyumba inanuka panya. Kitanda chetu kimeondolewa godoro. Sanduku lilikuwa mahali pake, kufuli yake ni ya mtoto, nikaifungua nikilia kwa furaha, nakwambia kweli, nililia. Daftari la mahari lilikuwepo. Jalada tu. Kurasa zimetolewa zote, zimebaki pini mbili za stepla na vipande vidogo vya karatasi vilivyonasa. Amekwishazichoma, Khocha. Alifunga mlango ili nihangaike na mlango.

Nilikaa chini kwenye sementi mpaka nikasikia sala ya mwisho. Kisha nikatoka, nikafunga kama nilivyokuta. Sina karatasi, na Ijumaa ni siku tano. Kama unajua mama aliiweka wapi nakala yetu, niambie. Nakuomba kama binti ya dada yako. Kama huwezi kuniita hivyo, nakuomba kama mwanafunzi wako.

Jentrix

*

Tuwan, Kitale
Jumanne, 24 Septemba 2024

Jentrix,

Ninayo mimi.

Mama yako alinipa siku ile ile ya mahari, kabla hata sijanawa mikono. Alisema niiweke, kwa kuwa sanduku langu halifunguki. Ilikuwa njia yake ya kuniomba msamaha, kunipa karatasi ya kulinda. Iko hapa nyuma ya kiti changu, kurasa mbili, ng'ombe wote wametajwa, sahihi ya Levi, ya Wekoye mwenyewe, ya baba yako, na yangu.

Na nikwambie lingine ucheke. Kufuli ya mlango wako niliiuza mimi. Wekoye alikuja hapa wiki ile ya mazishi. Aliandika kwenye ubao wangu: nataka kubwa, ya kumzuia mwanamke. Kisha akauliza kama upande wenu bado una karatasi, maana ya Levi ameshaiwashia jiko. Nikamwandikia, hakuna. Kwa hivyo tangu barua yako ya kwanza nilijua sanduku lile ni tupu. Nilikuacha upige magoti mbele ya kufuli wiki tatu. Nilitaka ujue inavyokuwa kusukuma na kusukuma kitu ambacho ndani yake hakuna chochote. Mimi nilisukuma kesi yangu miaka minne.

Sasa masharti. Andika nani alifungua duka la Mathenge. Andika nani alikufundisha rangi ya shati langu. Weka jina, tarehe na sahihi, ulete wewe mwenyewe kabla ya Ijumaa. Nitakupa karatasi yako papo hapo. Ya kwako nitaipeleka kanisani kwa baba yako, na isomwe yeye akiwa pale kwenye kiti chake. Kusema hawezi. Kusikia bado anasikia, nimeuliza.

Ukikataa, lala na kuku.

Wabwile

*

Tuwan, Kitale
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Khocha,

Kama unasoma hii umeshafungua sanduku lako, na umekuta karatasi moja badala ya nyingine. Usimkamate mtu wa vifurushi wala jirani. Ni mimi.

Nilikuja kwa gari la asubuhi nikiwa na kalamu na daftari jipya. Nataka ujue hilo. Nilikaa kwa mama muuza chai ng'ambo ya barabara, nikaandika mistari minne, nikaisoma. Nikamwona baba kwenye kile kiti, mate yakimtoka, waumini wamekaa kimya, na mtu anasoma. Juzi nilipomlisha alinishika kidole akakataa kukiachia. Nikakunja ile karatasi nikaitia kwenye moto wa mama wa chai. Kwa hiyo si kwamba sikujaribu.

Halafu nikazunguka nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, ule unapomwaga vumbi la chuma. Ulikuwa umekaa umenipa mgongo, unasaga ufunguo, mashine inatikisa meza yote, na wewe umeinamia kazi yako. Nilipiga magoti nyuma ya kiti chako. Nilikuwa karibu hivi kwamba niliona mshono uliokatika kwenye shati lako. Nilitoa vyuma vyako viwili. Kufuli uliyosema haijawahi kufunguliwa na mwanafunzi ilinichukua muda wa wewe kumaliza ufunguo mmoja na kuanza wa pili. Nimemzoea ndugu yake, ulinitumia mwenyewe.

Kurasa mbili ninazo. Kesho chifu akiniuliza shahidi wa upande wetu ni nani, nitamwonyesha sahihi yako, na ikibidi atakuita. Utakuja useme kweli mbele ya watu, maana ni mwandiko wako. Ninajua ni ukatili. Umenifundisha wiki tatu nzima, na nimejifunza vyote.

Barua hii nimeiandikia kwa mama wa chai baada ya yote, nikarudi kuitia humu pamoja na vyuma vyako, wewe ukiwa bado kwenye mashine. Vile ishirini na vinne vinanitosha kukumbuka.

Kuna kitu kimoja zaidi. Baada ya kutia karatasi kifuani sikuondoka. Nilisimama. Masikio yako nayajua yalikokwenda, na najua nani aliyapeleka, kwa hivyo nilijua sihitaji kunong'ona. Nilikwambia yote. Nilitaja aliyefungua duka la Mathenge, na aliyenifundisha rangi ya shati, na nilichokiona kweli siku ile kupitia dirisha la jikoni, na kama wewe ulikuwepo. Nilisema kwa sauti mpaka mama wa chai akatoka kutazama. Ninakiri kwamba nilitaka ugeuke.

Nilisema mara mbili, Khocha. Hukugeuka. Kwa maandishi sitasema kamwe.

Mpwa wako,
Jentrix